Sogea, Usiongeze Taa: Mwongozo Kamili wa Kupiga Picha Vitu Vinavyong'aa

Nilipoanza kupiga picha kwa malipo hapa Kisumu, nilipewa kazi niliyoiona ya kitoto: vyeti kumi na vinne, vyote ndani ya fremu za kioo, vimetundikwa kwenye ukuta wa ofisi moja ya ghorofani. Nikamaliza kwa nusu siku na kujipongeza. Nilipofungua picha nyumbani, kila cheti kilikuwa na mimi ndani yake: shati la manjano, mikono imeshika kamera, na juu ya jina la mwenye cheti doa jeupe la flashi, kubwa kama sahani. Kesho yake nikarudi na taa yenye nguvu zaidi, nikidhani mwanga mwingi utalimeza lile doa. Doa likanenepa.

Aliyenitoa tongotongo ni fundi wa fremu, mzee aliyekuja kubadilisha kioo kilichopasuka. Alinitazama nikihangaika, mwishowe akasema, "Kijana, taa haina kosa. Kosa ni pale uliposimama." Akashika fremu kwa chini, akaivuta kutoka ukutani kama upana wa kiganja, na lile doa likateleza kushuka mpaka likatoka nje ya kioo. Hakugusa taa. Hakugusa kamera.

Nimeandika hapa mambo niliyojifunza tangu siku hiyo, kwa mpangilio ambao ningependa mtu anifundishe. Hauhitaji kamera ya bei, simu inatosha. Tafuta tochi, kioo kidogo cha kunyolea, kipimapembe cha kwenye mkebe wa jiometri wa mtoto, kitambaa cheusi na shuka nyeupe.

Hatua ya kwanza: pima mwenyewe mezani

Fanya hili usiku, taa ikiwa imezimwa. (Stima ikipotea, usinung'unike, ndiyo nafasi yenyewe.) Tandaza karatasi nyeupe mezani na usimamishe kioo juu yake, kikiegemea kitabu. Kutoka kwenye kioo chora mstari unaokuja moja kwa moja mbele, ukifanya nyuzi 90 na uso wa kioo. Tuuite mstari wima. Pembe zote za somo hili hupimwa kutoka kwenye mstari huo, wala si kutoka kwenye uso wa kioo. Ukilikosea hili, tarakimu zote zitakazofuata zitakupotosha, na nimewaona watu wenye kamera za maelfu wakilikosea.

Funika tochi kwa kipande cha boksi ulichokichana mwanya mwembamba kwa wembe, ili mwanga ulale juu ya karatasi kama uzi. Uelekeze pale mstari wima unapogusa kioo, kwa nyuzi 30. Utarudi upande wa pili kwa nyuzi 30. Jaribu 45, jaribu 70. Pembe ya kuingia na pembe ya kurudi ni sawa kila mara.

Hilo ulifundishwa shuleni. Sasa acha tochi palepale, na ugeuze kioo chenyewe nyuzi 10. Mwanga unaorudi hautahama nyuzi 10, utahama 20. Ukikigeuza kioo, mstari wima nao umegeuka, kwa hiyo pembe ya kuingia imeongezeka kwa 10 na ya kurudi kwa 10. Ndiyo maana kuinamisha fremu kidogo tu kulilitupa doa langu mbali vile. Kabla ya kubeba taa kutoka kona moja hadi nyingine, jiulize kama kitu chenyewe hakiwezi kugeuzwa kidogo. Mara nyingi kinaweza.

Hatua ya pili: tambua uso ulio mbele yako

Chukua karatasi ya aluminiamu, ile ya kufungia nyama choma. Ikiwa imenyooka, tochi inaonekana ndani yake kama doa kali. Ikunjekunje, kisha uifungue: doa limepotea, karatasi nzima inang'aa kijivu. Aluminiamu ni ileile na mwanga ni uleule. Ila sasa karatasi imekuwa maelfu ya vioo vidogo, kila kimoja kinatii sheria ya mezani, lakini kila kimoja kimeelekea upande wake. Ukuta wa chokaa, kitambaa cha pamba na lami kavu viko hivyo, ila mikunjo yake ni midogo mno kuonekana kwa macho.

Lami ikilowa ndipo utaliona vizuri. Mvua ikinyesha usiku Kondele, maji hujaza vishimo vya lami na barabara hugeuka kioo. Mwanga wa gari lako, ambao barabara kavu ingeutawanya na kukurudishia sehemu yake, sasa unaakisiwa kwenda mbele, mbali nawe. Ndiyo sababu unahisi taa zako zimefifia, huku taa za anayekuja zikikupofusha mara mbili, mara moja kutoka kwake na mara ya pili kutoka chini.

Kuna jambo lingine kuhusu nyuso ambalo limenisaidia kuliko yote. Nenda soko la Kibuye uangalie nyanya iliyopanguswa vizuri. Nyanya ni nyekundu, lakini lile doa lake la mng'ao ni jeupe. Kwa nini si jekundu? Kwa sababu mwanga unaoipiga nyanya hugawanyika. Sehemu ndogo hurudi papo hapo kwenye ganda bila kuingia, na hubaki na rangi ya jua au ya taa. Iliyobaki huingia, huzungukazunguka ndani, kisha sehemu yake hutoka pande zote ikiwa imebeba wekundu. Mimi huziita mwanga wa juujuu na mwanga wa ndani. Mwanga wa juujuu unategemea mahali uliposimama. Ukihama, doa linahama. Mwanga wa ndani haujali sana umesimama wapi.

Kwa hiyo picha ikikosa rangi, majani yakionekana meupe, samaki akionekana amepauka, usikimbilie kuongeza rangi kwenye simu. Rangi ipo. Imefunikwa na mwanga wa juujuu.

Metali ziko kando kabisa. Mwanga hauzami ndani yake ukarudi na rangi. Unaoonekana wote ni wa juujuu, na metali nyingine huupaka rangi wakati wa kuuakisi. Ndiyo maana doa la mng'ao kwenye shaba ni la rangi ya shaba, wakati la nyanya ni jeupe. Tutalihitaji hili kwenye sufuria.

Hatua ya tatu: jua ni kiasi gani kinarudi

Sheria ya mezani inakwambia mwanga utaelekea wapi. Haikwambii ni mwingi kiasi gani, na hapo pembe ina kazi yake ya pili.

Simama ukingoni mwa Ziwa Victoria pale Dunga, maji yakiwa yametulia. Tazama chini moja kwa moja miguuni pako. Utaona maji yenyewe, na kwa Ghuba ya Winam hiyo ni rangi ya tope la kijani. Inua macho polepole kuelekea mbali: rangi ya tope inafifia, na anga inaanza kutanda juu ya maji. Mbali kabisa, ziwa lote ni anga.

Ukitazama wima, maji huakisi takriban asilimia 2 tu ya mwanga. Kwa nyuzi 45 ni kama asilimia 3, karibu hakuna tofauti. Kwa nyuzi 60 ni 6. Kisha mambo yanabadilika ghafla: kwa nyuzi 80 ni kama asilimia 35, na ukikaribia 90 karibu mwanga wote unarudi. Kama macho yako yako mita 1.6 juu ya maji, nyuzi 80 ni pale unapotazama sehemu iliyo mita 9 mbele yako. Si mbali. Mfaransa Augustin-Jean Fresnel ndiye aliyetoa hesabu za jambo hili katika miaka ya 1820, na bado ndizo zinazotumika.

Kioo cha dirisha hurudisha takriban asilimia 4 kwa kila uso, na kina nyuso mbili, kwa hiyo hesabu 8. Inaonekana ndogo. Lakini asilimia 8 ya dirisha lenye jua, ikianguka juu ya cheti kilicho kwenye kivuli, inatosha kukifuta.

Hata vitu visivyong'aa hung'aa vikitazamwa kwa kulala. Weka daftari mezani, shusha jicho mpaka liwe karibu sawa na meza, utazame kuelekea dirishani. Jalada lisilo na mng'ao wowote litakuwa na utando mweupe. Anayepiga picha ya kiti kilichopakwa vanishi, au ukuta wa rangi ya mafuta, aanze kwa kuacha kusimama upande unaotazamana na dirisha.

Hatua ya nne: fremu na vioo vya ukutani

Huu ndio moyo wa kazi, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Weka kamera kwenye stendi, ikitazama katikati ya fremu moja kwa moja. Sasa mwambie mwenzako azunguke chumba na tochi iliyowashwa, akiielekeza kwenye kioo, wakati wewe umeweka jicho pale lenzi ilipo. Kila mahali anapopita na ukaiona tochi ndani ya kioo, hapo ni mwiko. Taa isikae hapo, wala dirisha lisiwe wazi hapo, wala shati la manjano. Kila mahali usipoiona tochi ni ruhusa, hata kama ni karibu ajabu.

Kama huna mwenzako, tumia hesabu hii: taa ikiwa kwenye mstari mmoja na kamera, sambamba na ukuta, eneo la mwiko lina upana mara mbili ya fremu. Fremu ya sentimita 60 ina mwiko wa sentimita 120, yaani 60 kila upande wa lenzi. Umbali wa kamera haubadilishi kipimo hicho. Chora kwenye karatasi ukitumia sheria ya pembe sawa na utaona kwa nini.

Lakini usiiweke taa mpakani. Ipeleke pembeni hadi mwanga uingie kwa kama nyuzi 45 au zaidi, na uweke nyingine ya nguvu ileile upande wa pili, la sivyo nusu ya cheti itakuwa na giza. Funga mapazia. Nyuma ya kamera tundika kitambaa cheusi kinachojaza eneo lote la mwiko, kwa sababu hicho ndicho kioo kitakachokionyesha, na weusi juu ya cheti hauonekani. Vaa nguo nyeusi. Stendi ya chuma inayong'aa nayo ifunike. Mara mbili nimeiona miguu yake mitatu ikisimama juu ya muhuri wa chuo.

Chumba kikiwa kidogo na kitambaa hakitoshi, kuna njia ya fundi: inamisha fremu, kisha inamisha kamera vivyo hivyo ili pembe za cheti zibaki mraba. Kioo sasa kitakuwa kinatazama dari au sakafu, na mara nyingi sakafu ndiyo yenye giza zaidi. Kwa ile kazi yangu nilitumia njia hii kwa vyeti vitatu vilivyokuwa mkabala na dirisha lisilo na pazia. Kumi na kimoja vingine vilikubali kitambaa.

Kupiga picha kupitia dirisha la matatu hakuna haja ya mahesabu: gusisha lenzi kwenye kioo na uzibe pembeni kwa mkono. Mwanga wa nyuma yako ukikosa njia ya kufika kwenye kioo, hauna cha kuakisi.

Hatua ya tano: sufuria, na vyuma vyote

Hapa geuza kila nilichosema. Ukiinyima sufuria kitu cha kuakisi, itatoka nyeusi kama chungu, kwa maana haina mwanga wa ndani wa kukuonyesha. Sufuria ya picha nzuri ni sufuria iliyopewa kitu kizuri cha kutazama.

Tundika shuka nyeupe upande mmoja, iwe kubwa kuliko unavyodhani, uipige mwanga shuka, si sufuria. Nyingine iwe juu. Kwa kuwa sufuria ni ya mviringo, inaona karibu chumba chote, ukiwemo wewe, kwa hiyo acha tundu dogo tu la lenzi kati ya shuka. Picha ya kwanza itakuwa nyeupe tupu, haina umbo. Sasa chukua ukanda wa kitambaa cheusi, upana wa mkono, usimamishe pembeni nje ya picha. Utaona mstari mweusi ukishuka kwenye ubavu wa sufuria, na ghafla ina duara. Sogeza ukanda kidogo kidogo. Hapa sentimita tano ni nyingi.

Hatua ya sita: samaki mbichi, na filta ya polaraiza

Siku moja nilikuwa nampigia picha mama mmoja muuza samaki, sokoni, saa sita unusu. Ngege wake walikuwa wamelowa, na kila gamba lilikuwa na doa jeupe.

"Mama, naomba nisogeze sinia kidogo."

"Sogeza, baba. Lakini usinizibie wateja."

Nililivuta sinia mpaka chini ya mwavuli wa jirani, mwanga ukija wa upande mmoja tu, na nusu ya madoa ikaisha. Nusu nyingine iliondolewa na filta, nayo inahitaji maelezo.

Mwanga ni mawimbi yanayotikisika, na wa jua hutikisika kila upande. Ukiakisiwa na maji, kioo, majani au rangi ya gari, ule unaotikisika sambamba na uso hurudi kwa urahisi kuliko mwingine. Mwaka 1808, Étienne-Louis Malus alitazama mng'ao wa madirisha ya kasri moja jijini Paris kupitia kipande cha fuwele, akagundua kwamba ukikizungusha mng'ao unabadilika. Mwaka 1815 David Brewster wa Uskoti akapata kanuni ya pembe: kila uso una pembe moja ambapo mwanga unaoakisiwa wote hutikisika upande mmoja tu. Kwa maji ni takriban nyuzi 53, kwa kioo cha kawaida kama 56.

Filta ya polaraiza ni kama uzio wa fito: hupitisha mtikisiko wa upande mmoja na kuzuia mwingine. Ifunge kwenye lenzi, simama ili utazame uso kwa nyuzi 53 hivi kutoka mstari wima, kisha zungusha filta taratibu. Ndani ya robo mzunguko mng'ao utazimika na samaki atarudi na rangi yake. Ukiendelea kuzungusha, utarudi tena. Kwa mtu aliyesimama kando ya maji tuliyemtaja, nyuzi 53 ni sehemu iliyo kama mita 2 mbele yake.

Filta hula mwanga, kati ya nusu na robo tatu, kwa hiyo kwenye kivuli kizito tumia stendi. Haifanyi kazi kwenye sufuria, kwa sababu metali hazichagui mtikisiko namna hiyo. Na kama huna filta, miwani ya jua ya polaraiza ikishikwa mbele ya lenzi ya simu inafanya kazi ileile. Kabla ya kununua miwani hiyo barabarani, itazamie skrini ya kikokotoo huku ukiizungusha. Skrini isipokuwa nyeusi mahali popote, hiyo ni plastiki ya rangi tu.

Onyo kwa wanaokwenda Ziwa Nakuru kuwapiga picha heroe: ukizungusha filta bila kuangalia, utamfuta ndege wa pili aliye ndani ya maji, yule uliyemfuata kutoka mbali.

Hatua ya saba: uso wa mtu

Ngozi nyeusi ina mwanga wa ndani mchache kuliko ngozi nyeupe, lakini mwanga wa juujuu ni uleule. Kwa hiyo mng'ao ndio unaochora shavu, paji na pua. Wapiga picha wengi huukimbia kwa kumpaka mtu poda mpaka afanane na ukuta. Mimi huuacha, ila naupanua. Taa ndogo hutoa doa dogo kali; dirisha kubwa lenye pazia jeupe hutoa mng'ao mpana, laini, unaofuata umbo la uso. Mkalishe mtu ubavuni mwa dirisha, si mbele yake, umgeuze polepole huku ukitazama shavu lake. Jasho la paji lipanguse kwa leso, linatosha.

Miwani ni fremu ya ukutani iliyovaliwa. Inua taa juu zaidi, mwambie ashushe kidevu kidogo, au ainue mikono ya miwani juu ya masikio kama unene wa kidole ili vioo vitazame chini. Kumbuka ile nyuzi 10 iliyozaa 20.

Hatua ya nane: ziwa na saa zake

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, lakini iko magharibi ya mstari ambao saa zetu zimepangwa kuufuata, kwa hiyo jua hufika juu kabisa mnamo saa sita na dakika arobaini. Huhama nyuzi 15 kwa saa. Miezi ya Machi na Septemba, linapopita karibu utosini, lile doa la jua kwenye maji linakuwa kwenye nyuzi 53 mnamo saa tatu na dakika kumi asubuhi na saa kumi na dakika kumi jioni. Hizo ndizo nyakati ambazo filta hulizima vizuri kuliko zote.

Jioni ikisogea inaanza kushindwa. Jua linapotua, karibu saa moja kasorobo, mwanga unayapiga maji kwa kulala kabisa. Karibu wote unarudi, na mitikisiko yote inarudi pamoja. Ile njia ndefu ya dhahabu inayokuja mpaka miguuni pako ni mawimbi madogo, kila moja limeinama kwa pembe yake, na yanayokuonyesha jua ni yale tu yaliyoinama kwa pembe inayokufaa. Wa mtumbwi ulio pembeni anaiona yake, imenyooka kuelekea kwake.

Saa hiyo filta yangu iko mfukoni. Nikitaka dhahabu zaidi, napiga magoti mpaka kamera iwe shibiri moja juu ya maji. Nikitaka kuonyesha magugu maji na rangi yake ya kijani, napanda juu ya boti iliyovutwa ufukoni na kutazama chini.